Mama Mpunga Ana Masikio Yangu

Jumapili, tarehe 4 mwezi wa nane 2024

Hili sijamwambia mtu yeyote. Si Mama, si padri, wala Mungu mwenyewe kwa sauti. Yule Mama Mpunga wa saruji anayesimama pale rond-point ya soko, ule mzunguko wa barabara, hapa Kasongo, mwenye ungo wa mpunga kichwani na mtoto mgongoni, yule ambaye wamotari wote, waendesha pikipiki za abiria, wanampigia honi asubuhi: uso ule ni wangu.

Wangu! Mimi Aristote, mwanaume, mwanafunzi wa sekondari.

Nieleze. Papa Grégoire, fundi wa sanamu, jirani yetu, alipewa kazi na kamati ya mtaa. Akatafuta mama wa kuketi mbele yake ili amwige. Mume wa mama wa kwanza alikataa, akasema mke wake hatawekwa njiani wamotari wamwegemee. Mume wa pili alikuja na panga. Ndipo Papa Grégoire akaniona mimi kizingitini, nimenyamaza kama kawaida. Akasema: "Weye unajua kutulia. Kuja." Kusema hapana, kwangu, ni kazi kuliko mtihani wa hesabu. Nikaenda. Nikakaa na ungo kichwani mpaka shingo ikaingia ndani. Nilifikiri baadaye ataubadilisha ule uso. Aliongeza hereni tu.

Mpaka leo hakuna aliyetambua, kwa sababu sisimami kamwe karibu naye. Nikitumwa soko napitia nyuma ya msikiti, njia ndefu, kichwa chini.

Lakini leo mezani, balaa! Yaya Sonia, dada yangu mkubwa, anaolewa Jumamosi. Ametangaza kwamba cortège, msafara wa harusi, itazunguka rond-point, halafu familia yote tupige picha bega kwa bega na Mama Mpunga. Mimi ni garçon d'honneur, msindikizaji wa maharusi. Nitasimama na Laetitia, msichana ambaye tangu mwaka jana najaribu kumwambia bonjour. Na mpiga picha ni nani? Pitchou! Mdogo wa bwana harusi, darasa moja na mimi. Aliwahi kunipiga picha nimelala darasani mdomo wazi. Ile picha ilitembea kwenye simu za watu mpaka Salamabila.

Akinikamata mimi na sanamu katika picha moja, nimekwisha. Laetitia ataangalia mara moja tu.

Mpango: kuwatafutia mahali pengine. Pazuri zaidi. Njia ya Kabambare imejaa maajabu, hakuna anayeyatazama. Nitayatazama mimi.

Jumatatu, tarehe 5

Nimechukua baiskeli ya Papa, baba yangu. Nikasema naenda kufanya recherche, utafiti wa shule. Neno la Kifaransa linafunga maswali yote nyumbani kwetu.

Kituo cha kwanza: Mamba. Amelala mbele ya malewa ya Mama Hawa, anayewauzia wasafiri chai na wali. Ni mamba wa saruji, mrefu kama mtumbwi, meno ya mawe meupe, mdomo wazi. Mama Hawa akaeleza kwamba walimjenga ili wapita njia wasimame wale. Wanasimama kweli. Wanashangaa, halafu wanaondoka na njaa yao.

Uzuri upo! Lakini bibi harusi atajiweka wapi? Nikawaza: labda kichwa ndani ya mdomo, picha ya kuchekesha. Nikajaribu mwenyewe. Kichwa kikaingia vizuri. Kutoka, hapana. Masikio! Haya masikio mawili yakakataa katakata.

Kupiga kelele ni aibu. Nikanyamaza ndani ya mamba. Nikasikia piki inasimama, abiria wanashuka, wanajadiliana juu yangu. Mmoja akasema huyu fundi anajua kazi, ona suruali, ona mpaka viatu vimechakaa. Mwingine akanigusa na fimbo. Nikaona si adabu kunyamaza zaidi. Nikasema: "Bonjour." Wakakimbia bila piki yao.

Mama Hawa akaja na mawese ya kupikia. Akanipaka masikioni, akashika miguu, akavuta, huku ananiuliza: "Mwanangu, kwenu hamuna mulango, mpaka unaingia mu mamba?"

Nimerudi mwekundu mpaka shingoni. Nikamsifia Yaya Sonia ule Mamba. Akaninusa. Akauliza ni nani amenikaanga.

Jumanne, tarehe 6

Leo kamyo. Lilikufa njiani zamani, na kwa kuwa hakuna aliyekuja kulichukua, watu wa kijiji wamelipamba. Ndani ya matairi wamepanda maua. Kwenye vioo mtu amechora watangazaji wa televisheni, koti na tai, mmoja jicho limeteremka kwenye shavu, anasoma habari hivyo hivyo. Mahali pa dereva kuku analalia mayai. Watoto wakaniambia niketi nyuma, tunaenda Kinshasa. Nikaketi. Wakanguruma kwa midomo, wakapiga breki, wakanilipisha faini ya kizuizi: nyimbo. Nikaimba! Kwa sauti ndogo, lakini nikaimba. Nilisahau kabisa kilichonileta. Labda ile ilikuwa saa bora ya likizo yangu, na sikuwa na mpango wowote ndani yake.

Jioni nikakumbuka mpango, nikapendekeza kamyo. Yaya Sonia akauliza kama najua kutu ni nini na robe nyeupe ni nini. Nikasema tutatandika mikeka. Mama akauliza kwa nini mimi sitaki rond-point. Nikasema pale pana vumbi.

Tuko kiangazi. Kasongo nzima ni vumbi. Mama akaniangalia sana.

Jumatano, tarehe 7

Junior, motari wa kanisa letu, alikuwa anapeleka mizigo njia ya Lusangi, nikamwomba anibebe. Kule kuna kaburi ambalo watu wote wanalisimulia: la mzee mmoja aliyesukuma baiskeli ya mawese maisha yake yote. Watoto wake wamemjengea baiskeli juu ya kaburi. Saruji tupu, na vidumu vyake, na viatu vyake kwenye pedali. Kengele tu ndiyo ya kweli. Mzee yule alikuwa akimuuliza kila mtu njiani anaenda wapi. Basi hata leo msafiri akipita anapiga kengele, anataja jina lake, anamwambia anakokwenda.

Nikapiga kengele. Nikashindwa kutaja jina. Nimeona haya mbele ya marehemu! Nyuma yangu watu wanangoja zamu, wamebeba vikapu. Mama mmoja akaniambia: "Sema tu, baba. Huyu hawezi kukucheka."

Nikanong'ona: "Naenda kujificha."

Yule mama akaitika kwa niaba ya mzee: "Haya, ufike salama."

Nyumbani nikapendekeza Lusangi. Nikaeleza sanaa, nikaeleza utulivu wa mahali. Mama akaweka mwiko chini. Akauliza kama nataka dada yangu aolewe makaburini. Yaya Sonia akasema tangu leo, mutu akitaja tena sanamu mbele yake, atamupiga na kiatu cha ndoa.

Alhamisi, tarehe 8

Wazo kubwa! Kama picha haihami, uso uhame. Nimechukua wembe wa Papa nikanyoa nyusi. Zote mbili. Nilianza na moja, haikutosha.

Nikajitazama kwenye kioo. Mtu mwingine kabisa! Kama yai, lakini mtu mwingine. Nikavaa kofia, nikaenda soko, nikajificha nyuma ya magunia ya mihogo, nikamtazama Mama Mpunga usoni kwa mara ya kwanza tangu asimamishwe.

Hana nyusi.

Nikakimbia kwa Papa Grégoire. Akasema ndiyo, rangi nyeusi ilimwishia kwenye nywele, atamalizia akipata nyingine. Halafu akanishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga, akasema: "Sasa ndio unafanana muzuri." Alifurahi sana, yule mzee.

Njiani nikakutana na Pitchou na Laetitia wanatoka mazoezi ya kuingia kanisani. Pitchou akauliza kama mandazi yamenilipukia. Laetitia akasema "pole." Pole! Ni neno lake la kwanza kwangu. Nilitaka kujibu. Nilijibu nilipofika nyumbani.

Ijumaa, tarehe 9

Mpango wa mwisho. Katika cortège, piki moja hutangulia, mtu ameketi nyuma anapunga kitambaa cheupe, na wote wanafuata. Nimeomba niwe mimi. Wote wakanigeukia! Aristote? Mwenye kujificha wageni wakija? Mama akafuta machozi, akasema mutoto amekomaa. Nikaona aibu kidogo. Kidogo tu.

Anayeendesha ni Junior. Nikamwambia tukitoka kanisani tusiende soko, tuende moja kwa moja kwa Mamba wa Mama Hawa. Akauliza kama bibi harusi anajua. Nikasema ni zawadi. Nimepanga kila kitu: Mama Hawa atapata wateja, Yaya Sonia atapata picha, mimi nitabaki na siri yangu.

Jumamosi, tarehe 10

Niandike kwa utaratibu.

Kanisani salama. Niliingia na Laetitia tukicheza, nilimkanyaga, alivumilia. Nikapanda piki. Honi! Vigelegele! Nikapunga kitambaa, Junior akavuta gesi. Sikugeuka nyuma, nilifikiri mtu anayetangulia akigeuka anapoteza heshima. Nilipunga mpaka bega likauma. Watu wa mashambani walitupungia. Nilijisikia mkubwa.

Tukafika kwa Mamba. Mimi, Junior, na vumbi letu. Nyuma hakuna mtu. Cortège nzima ilikuwa imefuata gari la bibi harusi, na gari la bibi harusi lilikuwa limekwenda rond-point, kama alivyosema bibi harusi tangu Jumapili. Mama Hawa akatoka na chupa ya mawese, akauliza kama nimerudi kuingia tena.

Tukageuza mbio. Tulipofika rond-point hakukuwa na nyimbo. Kulikuwa na kilio! Mama yangu, ambaye siku zote humpita mbio na mzigo bila kuinua macho, amekumbatia miguu ya Mama Mpunga, kitambaa cha kichwa kimeanguka. "Ni Mama! Ni mama yangu huyu! Muangalie masikio!"

Koko! Mama yake Mama, aliyefariki kabla sijazaliwa. Hakuacha picha hata moja. Mjomba akasogea, akatazama, akavua kofia. Akasema kweli, ni yeye, hata namna ya kubana midomo kama mtu aliyeulizwa kitu asichotaka kujibu. Mashangazi wakapokea kilio. Yaya Sonia analia na poda inateremka.

Wakamwita Papa Grégoire, wakamuuliza alimjulia wapi marehemu. Akawatazama wale mama wanaolia. Akanitazama mimi, kidogo tu. Akamtazama Mjomba, ambaye alikuwa anamwahidi mbuzi. Akasema mama mmoja alimjia katika ndoto.

Mwongo!

Na mimi nimesimama pale pale, chini ya ungo, bila nyusi, nimejaa vumbi mpaka kope, rangi moja na saruji. Hakuna aliyeona kitu. Pitchou aliinua kamera, akaniambia: "Weye, sogea, unaziba sanamu."

Nilikuwa nimeokoka! Kazi yote iliyobaki ilikuwa kunyamaza, kazi ninayoiweza kuliko watu wote wa Maniema.

Ndipo Laetitia akasema, polepole, akitazama juu: "Alikuwa na uso muzuri, jamani. Wa upole."

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. "Ni mimi!" Sauti ile sijui ilikuwa inakaa wapi siku zote. "Uso ni wangu! Nilikaa mimi! Muulizeni Grégoire!"

Hata wamotari walizima. Papa Grégoire akaanza kuchunguza mawingu. Mjomba akasema kwa huruma: "Mutoto, usishindane na marehemu." Mama akanifinya mkono palepale, na machozi yake usoni. Pitchou akasema kwa kweli anaona mfanano, lakini ni wa vumbi tu. Laetitia alicheka. Nimefikiria kicheko kile tangu karamu mpaka sasa. Hakikuwa kibaya. Nadhani.

Jumapili, tarehe 11

Baada ya misa Mama amemvika Mama Mpunga kitenge kipya. Akina mama wakipita wanamsalimia Koko, wengine wanamwachia mpunga. Siri yangu imefunikwa milele. Hata nikipanda juu ya nyumba na kupiga ngoma, hakuna atakayeniamini. Ndicho nilichotaka wiki nzima.

Nimetafakari sana. Nimejifunza mengi. Kwa mfano, kwamba mtu asipige kelele bila ushahidi.

Basi, mpango. Kesho watu wote watapita rond-point kwenda soko, na Laetitia pia. Nitasimama kando ya sanamu, namna ileile aliyonikalisha Papa Grégoire, ungo kichwani, mtoto mgongoni, kimya, mpaka wakubali wenyewe. Haiwezi kuharibika.

Sasa hivi niko kwenye mazoezi. Ungo nimeuchukua jikoni. Mtoto ni mto wangu, nimemfunga na pagne, kitenge alichoacha Yaya Sonia. Hereni nimezipata pia. Nyusi zilikuwa zimeanza kuota, nimezinyoa upya. Naandika nimesimama, shingo wima, na ungo haujaanguka hata

Mama anaongea na mtu uani. Anamwambia apite tu, iko mu chumba, ana haya lakini ni mutoto muzuri, umuambie mwenyewe hayo ya jana pale rond-point, Laetitia.

Laetitia!

Nyayo zinakuja. Mlango hauna kufuli. Nifiche nini kwanza, daftari ao mtoto