Mtetezi Asiye na Pua

Jumatatu, 1 Desemba 2025

Miaka mitatu, miezi miwili na siku nne tangu nitoke Kasulu. Niliaga nakuja Moshi kukata miwa msimu mmoja.

Mke wangu Agness amepiga simu. Mdogo wangu Rodney ameng'oa minyaa ya mpaka na kuingia shambani kwetu hatua kumi na mbili. Anasema shamba lisilo na mwanamume ni pori. Ukoo unakaa Jumamosi ya tarehe 20. Agness ametandika mkeka pale pale mpakani, anamenyea mihogo hapo, anashinda hapo. Akauliza: Baba Juliana, unakuja au huji? Nikamwambia niko njiani. Nilikuwa njiani kwenda kunoa panga, lakini hakuuliza njia ipi.

Jambo jingine. Jana nilimbebea makabati mzungu mmoja mzee anayehama Shirimatunda. Akanipa sarafu kubwa ndani ya kiboksi. Dukani haitumiki, ni ya ukumbusho. Upande mmoja ngome ya kwao, ya mawe. Upande wa pili mtu aliyeilinda, ana upanga na ndevu. Mlinzi wa geti alinitafsiria: bwana huyo alizingirwa miezi tisa, wakala mpaka ngozi za viatu, hakutoka. Nimemtazama sana. Sura ya mtu mwenye njaa naijua.

Jumatano, 3 Desemba

Nimeomba ruhusa. Nyapara wetu, Wenseslaus wa Uru, amesema ruhusa ya Krismasi ni ya watu wenye adabu. Kumbe alisikia! Mwezi uliopita nilisema anapuliza filimbi kama mbuzi anayezaa. Nilisema kwa sauti ya chini. Miwa haina siri.

Given, mwenzangu wa chumba, Muha kama mimi, wa Kibondo, anasema Mchaga ukimletea jani la isale kuomba msamaha, hawezi kukataa. Ni mila. Nikatoa sarafu. Miguuni pa yule mtetezi kuna jani refu lenye ncha. Isale hasa! Given akasema hilo ni jani la mahindi. Wivu. Jani la kawaida hunyauka, langu ni la chuma. Msamaha wa kudumu.

Nimeisugua kwa majivu na mchanga. Imeng'aa. Mtetezi hana pua tena.

Jumamosi, 6 Desemba

Nimepanda Uru, nyumbani kwa nyapara. Aibu. Acha niandike polepole.

Wenseslaus alikuwa uani na baba yake, Mzee Kalisti. Nikampa mzee shikamoo, nikampa nyapara sarafu kwa mikono miwili. Akaigeuza. Akauliza huyu asiye na pua ni nani, marehemu babu yako? Nikaeleza habari ya jani. Mzee alicheka mpaka akaweka chini kata ya mbege, pombe yao ya ndizi. Akasema isale huletwa bichi, mwanangu, halichongwi kiwandani. Nenda kalete.

Nyuma ya migomba kulikuwa na mstari mzima wa masale! Nikafikiri: wengine huleta jani moja, lakini kosa langu ni kubwa. Nikang'oa shina zima na mizizi yake, nikaja kupiga magoti nalo, udongo ukidondoka.

Mzee akashika kichwa.

Ndipo jirani yao, Leodegar, alipopita katika pengo nililoacha, panga mkononi, akiuliza nani kang'oa mpaka. Maana kule masale ndiyo mpaka wa vihamba, mashamba yao ya migomba. Babu zao waliyapanda. Given hakuniambia hilo.

Jumapili, 7 Desemba

Nimelala Uru bila kupenda. Asubuhi nimelipanda tena shina lile mbele ya nyumba zote mbili, Leodegar akivuta kamba na kufoka: kushoto, we Muha, unataka kunilia hata migomba? Mzee Kalisti akauliza kama kwetu hakuna mipaka. Nikasema ipo, ya minyaa, na mdogo wangu ameing'oa. Nilipojisikia nikisema hivyo, mikono yangu ikiwa na udongo, nikaipangusa kwenye suruali.

Mzee akaomba aione sarafu. Akauliza huyu alimtegemea nani amsaidie. Nikasema mfalme wake, aliyeahidi kuja. Akaja? Nikasema mzungu hakufika hapo. Akauliza: na ngome yako anailinda nani? Nikasema Agness.

Mzee alichuma jani moja la isale, akampa mwanawe kwa niaba yangu. Wenseslaus akalipokea. Ruhusa nimepata, kuanzia tarehe 15! Nikatokwa na machozi. Nikasingizia moshi wa jikoni.

Ijumaa, 12 Desemba

Mambo yamebadilika. Wenseslaus anapanda kwao kwa Krismasi kama Wachaga wote, na kambi inahitaji mtu wa kushika filimbi mpaka mwaka mpya. Akasema kwa utani: labda wewe, bingwa wa mbuzi. Filimbi! Miaka mitatu naitwa nayo. Nilikubali kabla hajamaliza kucheka. Ruhusa yangu nimemwachia Given, ambaye atapita Kasulu.

Anambebea Agness sarafu. Siku ya ukoo aiweke mkekani, aseme ni nishani ya mumewe. Rodney atatetemeka. Nimeongeza na miche saba ya masale ya kuziba mpaka. Niliing'oa Jumapili nikiondoka, upande wa Leodegar, ambako ni mingi.

Nimempigia Agness. Alikuwa mkekani, nikasikia mvua ikipiga mwavuli. Nikamweleza yote. Akauliza kama huyo bwana wa kwenye ngome alikuwa na mke. Nikamwambia sarafu ina pande mbili tu, na zote zimejaa.

Jioni nimejaribu filimbi. Mtu fulani ndani ya miwa akalia kama mbuzi. Nitamjua.

Nitarudi Pasaka. Pasaka ikigongana na miwa, basi Krismasi ijayo, bila kukosa.