Mikono ya Vikombe vya Naro Moru

Jumatatu, 8 Julai 1968
Wewe unayesoma haya, nakusihi, usimwambie mtu. Hata padri. Mimi ni karani wa majaribio katika karakana ya vyombo vya udongo ya Bwana Vasant, hapa Nyeri. Jumamosi ataamua kama nitabaki. Akinikataa, narudi Othaya kuchuma majani ya chai ya mjomba, na mjomba hunyamaza kwa namna ya kutisha.

Leo alikuja mwenye hoteli wa Naro Moru kukagua vikombe alivyoagiza. Vilikuwa rafuni, vibichi bado, vimefunikwa magunia yenye maji. Magunia yananuka. Niliyaondoa kabla hajaingia. Mgeni alisifu usafi. Bwana Vasant akanitazama bila kununa.

Magunia sikuyarudisha. Yangechafua rafu.

Jumanne, 9 Julai
Mikono imeng'oka vikombeni. Karibu yote. Wakonyo, msimamizi wa wafinyanzi, alifoka mpaka watu barabarani wakasimama. Ati mkono ni mwembamba, hukauka upesi kuliko kikombe, hujivuta, hupasuka pale ulipoungwa. Gunia lenye maji ndilo huvifanya vikauke pamoja. Akauliza ni mbuzi gani aliyeyafunua. Nilijifanya natafuta kalamu.

Hila ikanijia. Kwetu, toka zamani, mwanamume hakaribii vyungu vibichi, huvipasua. Nikasema taratibu kwamba jana nilimwona Moffat, dereva, akipita hapo. Kabura, anayeunga mikono, akasema huyo hata lami akiipita hupasuka.

Jumatano, 10 Julai
Wafinyanzi, ambao wote ni wanawake, wamewapiga marufuku wanaume wote. Moffat, aliyekuwa akibeba udongo, sasa analala ndani ya lori na kunishukuru. Nilipotaka kuingia, Wakonyo alinizuia kwa mwiko, akauliza kama karani si mwanamume. Wakacheka. Nikarudi ofisini.

Bwana Vasant naye alirudishwa mlangoni. Anauliza ni nani aliyeanzisha mambo haya.

Alhamisi, 11 Julai
Wakonyo anataka kuviloweka vikombe vyote na kuanza upya. Akifanya hivyo, Bwana Vasant atajua. Wanawake walipokwenda kula, niliingia na gundi ya ofisini, ile ya bahasha. Mikono ikashika. Ilipendeza kuliko ya Kabura, nasema bila majivuno. Nikamwambia Gicheru, mchomaji, kwamba Wakonyo ameruhusu. Akavitia tanurini na kuwasha moto kabla hawajarudi.

Jumamosi, 13 Julai
Tanuri limefunguliwa mbele ya Bwana Vasant. Gundi imeungua yote. Vikombe juu, mikono chini, lundo kama mifupa baada ya harusi. Wakonyo akasema hakuruhusu kitu. Gicheru akaninyooshea kidole. Kabura akaongeza, kwa upole, kwamba hata magunia yaliondolewa na yule aliyesifiwa usafi.

Bwana Vasant akasema, "Karani, wewe nenda nyumbani." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Jumatatu, 15 Julai, Othaya
Mjomba amenipa kikapu, kimya. Nimetafakari sana na kosa nimeliona: lilikuwa gundi. Ya bahasha haifai. Ya viatu ndiyo yenyewe, na Gatimu, fundi viatu, amenigawia kopo.

Mwenye chombo kilichong'oka mkono anitafute siku ya soko, nyuma ya kibanda cha Gatimu. Nitakuwa nimevaa tai. Usinitaje kwa jina, kohoa tu. Lete chombo pamoja na kipande chake. Ukishakichukua, usitie chai moto.