Bima ya Uji

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nimezaliwa kiongozi. Leo imethibitika!

Sisi wapangaji wa Mama Dafroza hapa Kayanga tumetoka mbali. Mimi natoka Nyakakika, Placidia anatoka Kiruruma, Niyomugabo huko Kyerwa. Kadi ya bima ya chuo inalipa daktari, kitanda na dawa. Hailipi uji! Ukilazwa, na mama yako yuko kijijini, nani atakuletea chakula wodini? Hakuna.

Nikawakusanya uani. Kila mmoja atoe alichokuja nacho kutoka kwao. Maharage, ndizi, unga, chochote. Akiba ikae chumbani kwangu. Atakayelazwa, Bima itampikia. Wakakubali. Mimi Mwenyekiti.

Placidia akauliza kwa nini chumbani kwangu. Nikamwambia kina kufuli. Akasema hata chake kina kufuli. Wivu! Nikafunga kikao.

Niyomugabo alitoa wa kwanza. Maharage yake yote ya muhula. Mama yake huyapata kwa vibarua kwenye mashamba ya kahawa ya watu. Alisema mji huu hana ndugu, basi Bima ndiyo ndugu yake. Nilimpigia makofi.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Nimepakwa majivu, nimeahidi kufunga.

Kurudi chumbani, mkungu wa Bima umeanza kuiva. Bima haikubali hasara. Nimevunja mfungo kwa sababu za kiofisi. Ndizi zilizobaki nitazishughulikia kesho.

Placidia kapita dirishani, kaona maganda. Akauliza kwa sauti iliyosikika uani kote kama Bima yenyewe ndiyo imelazwa. Watu wakacheka. Sikujibu. Kiongozi hajibu.

Ijumaa, 7 Machi

Uwekezaji! Bima zote kubwa huwekeza. Maharage yaliyolala guniani yanazaa nini? Panya.

Mvua zimeanza. Mama Dafroza ana kipande cha mteremko nyuma ya migomba. Amenipa, kwa sharti nimpalilie migomba yake. Nimepanda maharage yote. Ndiyo, yote! Wakati wa kuvuna akiba itakuwa mara tatu. Wanachama sijawaambia. Watashangaa wenyewe.

Mikono imejaa malengelenge. Placidia kauliza ninapanda nini. Nikasema maua.

Jumatatu, 10 Machi

Wameshangaa kuku.

Mvua ya jana ilishuka na nusu ya shamba hadi barabarani. Nusu nyingine imechakurwa na kuku wa Mama Dafroza. Nilipowatupia mawe, mama akatoka kuuliza kuku wake wamenikosea nini. Nikasema nafanya mazoezi.

Niyomugabo alitetemeka darasani kutwa, kajifunga koti na jua linawaka. Nikamshauri anywe maji mengi. Nimemwombea kwa moyo wote asilazwe. Sijawahi kumwombea mtu hivyo.

Jumanne, 11 Machi

Amelazwa! Malaria kali.

Kadi imepokelewa bila shida. Dawa ipo, kitanda kipo. Adhuhuri akanitumia ujumbe kwa simu ya mgonjwa wa kitanda cha pili: "Mwenyekiti, nimelazwa. Sina haraka, ila tangu jana sijala."

Sina haraka! Nilizima simu. Nikaiwasha. Ujumbe ulikuwa bado upo.

Unga nao ulikuwa umeliwa kwa sababu za kiofisi; nilikung'uta mifuko yote ya Bima, nikapata wa kikombe kimoja. Nikapika uji mwepesi, nikautia kwenye chupa ya chai, nikaenda kwa miguu. Mlangoni mwa wodi nikamwona Placidia kakaa kitandani pake, anamlisha ndizi kwa maharage kutoka kwenye sufuria yake mwenyewe. Niyomugabo alikuwa anatafuna polepole, macho kafumba.

Sikuingia. Hospitali haipendi wageni wengi.

Uji nimeunywa nje ya geti. Ulikuwa unapoa.

Alhamisi, 13 Machi

Kikao. Placidia ametaka akiba ifunguliwe. Nikaeleza habari ya uwekezaji, kwa ufasaha. Wawili wakaenda kuangalia mteremko, wakarudi na matope viatuni.

Nilijiandaa kwa matusi. Nilikuwa na majibu mazuri sana. Lakini Placidia hakunifokea. Alisema tu unga wake umekwisha, leo ameazima kwa Mama Dafroza. Na kwamba Niyomugabo anaamini chakula kinatoka kwenye Bima. Hajamwambia ukweli. Hataki ajue akiwa hana nguvu hata ya kukaa.



Jumamosi, 15 Machi

Mama yake Niyomugabo amekuja kumchukua. Anaitwa Mukashema. Mwembamba, kanga imepauka, kabeba jogoo kafungwa miguu.

Nikamwamkia shikamoo. Badala ya kuitikia akapiga goti, mbele ya wote! Akasema:

"Baba, mimi niko mbali, sina wa kumtuma. Mwanangu kaniambia wewe ndiye uliyekuwa mama yake hapa."

Placidia alisimama nyuma yake, sufuria mkononi. Akanitazama. Alikuwa ananipa nafasi, niliona. Nikafungua mdomo niseme. Mdomo ukasema: "Inuka, mama. Ni wajibu wetu."

Nikapokea jogoo.

Niyomugabo shingo imekuwa kama ya mtoto. Akanivuta pembeni. Akauliza, kwa aibu, kama maharage yake yamebaki kidogo ayarudishe nyumbani, maana mama hana mbegu na mvua haisubiri. Nikamwambia yamewekezwa. Akaitikia kwa kichwa. Akanishukuru.

Placidia aliwasindikiza hadi kwenye gari. Mimi nilibaki na jogoo.

Jumatatu, 17 Machi

Jogoo alikuwa mgumu. Nilimla peke yangu. Nilikaribisha watu, hakuja hata mmoja. Wote wamejitoa kwenye Bima. Salamu zangu hazijibiwi.

Niyomugabo hatarudi muhula huu, pengine hata ujao. Mama Dafroza anatafuta mpangaji mwingine. Nimechungulia chumba chake. Kitanda kitupu, na kwenye msumari kaacha tai ya chuo. Kifua kilinibana. Sidhani kama ni jogoo.

Nimekaa nikatafuta kosa, kwa uaminifu kabisa. Nimelipata. Wanachama walikaa karibu mno na ofisi. Wanaona kila kitu!

Kule Kihanga, mbali na hapa, kuna wanafunzi wengi wa kupanga, na hawanijui. Tangazo nimeliandika tayari kwa kalamu nene: JIUNGE NA BIMA YA CHAKULA. MAMA MMOJA WA KYERWA ALIPIGA GOTI KWA SHUKRANI.

Nimelisoma tena na tena. Hakuna neno la uongo.