Kilio Changu Kimeibwa, Naomba Kilindwe

Kwa Ndugu Afisa wa Hakimiliki, uliyetuletea semina Makwale,

Mugonile. Pole na safari. Mimi ni yule mzee aliyebeba viti. Sikualikwa, nilikuwa kibarua. Lakini masikio nilikuwa nayo. Ulisema mtu akitunga kitu kwa kichwa chake, ni chake, hata kama hakukiandika popote. Nikaweka viti chini. Nikajua na mimi nina kitu.

Kitu chenyewe ni kilio.

Mke wangu Naomi alifariki mwaka juzi, tunavuna mpunga. Siku ya msiba nililia hivi: Naomi we! Sufuria umeniachia, mchuzi umeondoka nao! Iiiiii! Hiyo iiii inapanda, inakatika, inaanza tena chini. Wamama wote walinyamaza kunisikiliza. Wapishi waliacha ndizi zikaungua. Toka siku hiyo kilio changu hakina amani. Malalamiko haya hapa.

1. Jirani yangu Eliud alifiwa na mama mkwe kule Ndandalo. Akalia changu chote. Kabadilisha jina tu. Mama mkwe hakuwahi kumpikia hata chai, walikuwa hawaongei. Watu wakamsifu, wakampa kiti cha mbele. Mimi nikafika nyuma yake, nalia cha kwangu. Wakaniambia, baba, acha kumuiga Eliud.

2. Nguruwe wa Eliud akafa. Wakamlilia kwa kilio hicho hicho, nyumba nzima. Ndugu Afisa, nguruwe hakumwachia mtu sufuria. Aliingia humo yeye mwenyewe.

3. Prisca wa kwaya kakitia kinanda. Sauti ya pili kaipa sufuria, besi wanasema mchuzi, mchuzi. Wamekiimba harusini. Bibi harusi kacheza. Naomi wamemtoa, eti jina lake halikai kwenye mapigo.

4. Lameck wa bodaboda alinirekodi palepale msibani. Kafanya mlio wa simu. Sauti yangu, jina la Naomi, vyote vimo. Abiria akimpigia, mke wangu anakufa upya. Gulio la juzi kafa mara kumi na nne. Mimi nina gunia la kakao kichwani, hata macho siwezi kufuta.

Ndugu Afisa, Naomi hana picha. Tulisema tutapiga, hatukupiga. Hicho kilio ndiyo picha yake. Ukitoa jina umemfuta.

Ulisema pia kuna matumizi ya haki, mtu anaruhusiwa kuchukua kidogo. Sawa, mimi si mchoyo. Napanga hivi. Sufuria, alie yeyote, bure. Mchuzi, aje nyumbani kuomba, na awe kafiwa kweli, nitakwenda kuangalia kaburi. Iiiiii, hapana. Akibanwa sana, alie ii fupi. Na kabla hajalia awatangazie watu: kilio hiki ni cha Andongwisye wa Makwale, alimlilia Naomi. Ndipo aanguke chini. Harusini marufuku. Wanyama wasililiwe kabisa.

Naomba uje na muhuri. Nimefikiria sana utagongwa wapi. Naona kooni.

Ndaga fijo kwa kunisoma mpaka hapa. Wasalimie wenzako wote ofisini, na dereva wako aliyenisaidia viti viwili. Mkeo msalimie sana. Akikupikia leo, mwambie asante.

Ni mimi mwenye kilio,
Andongwisye, mbeba magunia, Makwale

Nyongeza: Mimi ni Mkristo, ofisi siwezi kuidanganya. Kilio ni cha Naomi. Alimlilia bibi yake hivyo hivyo. Siku ya msiba wake yeye, kichwa changu kilikuwa kitupu, nikachukua cha kwake, nikaweka jina. Naye alikisikia gulioni Matema, kwa mama mmoja muuza vyungu. Mama huyo hakufiwa na mtu. Alikuwa anamfokea mbwa aliyekula mchuzi wake akaacha sufuria. Kwa hiyo Eliud mwache. Nguruwe naye mwache. Na Lameck usimwambie afute ule mlio. Zile mara kumi na nne, tisa nilikuwa nambipu mimi, nimesimama ng'ambo ya barabara na simu ya dukani kwa Tausi.