Rangi Yenu Haibanduki

Kwako Bwana Meneja,
Kiwanda cha Rangi.

YAH: RANGI YENU NYEKUNDU KUVURUGA AMANI YA NYUMBA YANGU

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba nyumbani kwako viti vimekauka. Kwangu bado.

Mimi ni fundi cherehani, na mke wa mtu aliyeendesha trekta la shamba la watu maisha yake yote ya kazi. Alipostaafu walimpa mkono wa kwaheri, wakampa na trekta lenyewe, kwa kuwa lilikuwa limekufa injini na hakuna aliyetaka kuhangaika kulipeleka kwenye vyuma chakavu. Likavutwa mpaka uani kwetu. Kwa muda mrefu halikumsumbua mtu. Kuku walitaga chini ya usukani, nami nilianika nguo kwenye bomba la moshi.

Mume wangu naye hakumsumbua mtu. Naomba ulishike hili, Bwana Meneja, maana ndilo msingi wa malalamiko yangu. Alikuwa na kiti chake mlangoni. Asubuhi aliketi, jioni alinyanyuka. Hakuuliza kwa nini chakula kimechelewa, hakuuliza nani kapita, na ukimuuliza jambo alijibu "sawa", hata kama halikuwa jambo la kujibiwa sawa. Wanawake wenzangu walinionea wivu kwa kupata mume mtulivu kiasi kile.

Ndipo alipoliona kopo lenu dukani. Limeandikwa: "Hung'aa kama kioo. Haibanduki. Jua, mvua na mafuta haviiwezi." Alilisoma akiwa amesimama, akalisoma tena, akarudi nyumbani bila sukari niliyomtuma, akatangaza kwamba atalipaka trekta. Tangu hapo nina malalamiko yafuatayo.

1. Hakuwaamini. Mtu mwingine angenunua rangi akapaka, yakaisha. Yeye alisema kopo linaweza kujisifu lipendavyo, kwani kopo halina haya. Akakusanya vikopo vidogo vya kila aina, rangi za mafuta na rangi za maji, za brashi na za kupuliza, akaanza kuzishindanisha. Mashindano yenyewe yalifanyika juu ya vitu vyangu. Ndoo yangu ina mistari kama pundamilia aliyechanganyikiwa. Mlango wa jikoni una viraka. Kifuniko cha sufuria kubwa kilipakwa, kikamwagiwa dizeli, kikaachwa juani, kikakwaruzwa kwa kijiko, kisha nikaambiwa nisikiguse kwa sababu bado kiko kazini.

2. Mng'ao nao ulikuwa na kipimo chake. Alitaka rangi ambayo mwanamume anaweza kujitazama humo akanyoa ndevu. Kwa hiyo kila asubuhi ananyoa mbele ya mlango wa banda la kuku alioupaka, kuku wakimshangaa. Tangu astaafu, ndevu zake nilikuwa nazikumbuka mimi tu. Sasa ananyoa kila siku, anasema ni kwa ajili ya utafiti. Siku ya rangi ya maji alijikata shavu, akaikataa papo hapo, eti haiwezi hata kumwonyesha mtu sikio lake mwenyewe.

3. Anaongea. Zamani nilipata "sawa" moja asubuhi na nyingine jioni, nikaridhika. Siku hizi ni praima ya kutangulia, thina ya kuzimulia rangi, msasa wa kukwaruza, msasa wa kulainisha, koti la kwanza la rangi, koti la pili, na kwa nini koti la pili halipaswi kuharakishwa. Hunieleza haya nikiwa nimebana pini mdomoni, siwezi kujitetea. Aliniambia kupaka rangi juu ya kutu ni sawa na kushona kiraka juu ya nguo iliyooza. Nikamwambia mimi ni fundi nguo, hilo nalijua toka zamani. Akasema basi nitaelewa haraka, akanipa msasa. Nilisugua boneti mpaka adhuhuri, Bwana Meneja, na gauni la bibi harusi likinisubiri mezani bila mikono.

4. Amenigombanisha na wifi yangu. Dada yake alikuja kutusalimia, akatamka kwa nia njema kwamba rangi ya maji ni nafuu kwa sababu hainuki. Mume wangu hakumtukana. Alimshika mkono taratibu, akampeleka kwenye ndoo yangu, akamwonyesha mstari wa rangi ya maji ulivyochubuka. Wifi ameondoka akiwatangazia watu kuwa kaka yake amerukwa na akili, na kwamba chanzo ni mapishi yangu.

5. Hili nalieleza kwa uchungu. Walikuja wazazi wa mchumba wa binti yetu, watu wa heshima zao. Baba mkwe akaketi kwenye benchi ambalo, bila mimi kuambiwa, lilikuwa limepakwa rangi yenu ili kupimwa. Aliponyanyuka kupokea chai, benchi likanyanyuka naye. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mume wangu hakuomba radhi. Alipiga magoti nyuma ya mkwe wetu, akaichunguza suruali, akasema kwa furaha niliyokuwa sijaiona miaka: "Mnaona inavyoshika?"

Nilijua uchumba umevunjika. Kumbe mkwe naye akauliza rangi hiyo inaitwaje. Wakatokomea uani wote wawili, mambo ya ndoa tukayamaliza sisi wanawake. Kesho yake mkwe alirudi na pampu yake ya maji iliyojaa kutu. Kinyozi wa mtaa wetu akasikia, akaleta kiti chake cha chuma. Sasa uani kwangu kuna baraza la wazee watatu wanaobishana kama nyekundu ya asili ya trekta ilikuwa ya pilipili au damu ya mzee. Ubishi uliisha pale mume wangu alipolala chali chini ya kiti cha dereva, akakwangua, akakuta kipande cha rangi ya zamani. Ilikuwa ya pilipili. Walishangilia mpaka mtoto wa jirani akaamka akilia.

6. Majirani wanasema nimeletewa mke mwenza. Si kweli. Mke mwenza angeosha vyombo.

7. Hili la mwisho nimelifikiria sana kama niliandike. Juzi aliniita nje, akaniambia nivue kastabini ya kushonea, nipande. Nikamkumbusha kwamba injini ya trekta ilikufa zamani. Akasema anajua, nipande hivyohivyo, ila nisikanyage boneti. Nikaketi pembeni yake, juu ya tairi kubwa, pale nilipokuwa nikiketi wakati bado ananichumbia na bosi wake hajui. Akashika usukani. Hatukwenda popote. Tulikaa tukiangalia ukuta wa jirani mpaka chai ikapoa, naye akiimba. Watu wametuona, Bwana Meneja. Kwa umri wetu huu!

Kwa hayo yote, naomba kwa heshima: (a) muandike onyo kwenye kopo kwamba rangi hii isiuzwe kwa wastaafu, (b) mnirudishie ndoo, mlango na kifuniko cha sufuria katika hali ya zamani, na (c) mnirudishie mume wangu kama alivyokuwa kabla ya rangi, yaani mkimya, kitini, akisema sawa.

Nisalimie mkeo na watoto, wachanganya rangi wote, na mlinzi wa getini kwenu. Yule aliyetunga maneno ya kwenye kopo simsalimii, ila mwambie namkumbuka.

Ni mimi mlalamikaji,
Mke wa Mwenye Trekta Jekundu.

N.B. Nilichelewa kuituma barua hii, na mengine yametokea. Jumamosi koti la mwisho lilikauka. Kazi imekwisha, na sitakuficha, linapendeza. Mkwe akachukua pampu yake, kinyozi akachukua kiti chake. Jumapili asubuhi mume wangu alitoa kiti, akakiweka mlangoni, akaketi. Nikamuuliza anywe chai ya maziwa au ya rangi. Akasema sawa.

Ombi langu la (c) limetimia, Bwana Meneja. Naomba kulifuta.

Leo alfajiri nilichukua mkasi wangu wa kukatia vitambaa, nikapiga mkwaruzo mrefu katikati ya boneti. Rangi yenu ni ngumu kweli, ilibidi nirudie. Tangu asubuhi anafoka, anamsaka mhalifu, anasema boneti yote lazima isuguliwe upya. Amenyoa. Amekula, akaomba aongezewe. Mkwe na kinyozi wako njiani. Tafadhali tumeni kopo jingine haraka, na kama mnayo inayobanduka kidogo, tumeni hiyo.