Ombi la Kumnyang'anya Mdogo Wangu Kadi Zake Nane

Ndugu Mkuu wa Kituo cha Afya,

Najua una kazi nyingi katika kipindi hiki cha maradhi, lakini maji yamenifika shingoni. Mimi ni fundi cherehani. Ninaishi na mama yangu mzazi pamoja na mdogo wangu wa kike, mwenye umri wa miaka thelathini na minne na mwenye ulemavu wa akili tangu kuzaliwa. Mtaani wanamwita Mkaguzi. Jina hilo hakuwa nalo kabla hamjaingilia kati.

Mwezi uliopita kituo chako kilitoa tangazo la kurasa nne kuhusu ugonjwa huu, lenye mihuri miwili. Sisi wengine tulilipokea kwa heshima, tukalibandika ukutani, na hakuna aliyevuka mstari wa tatu, unaosema "kwa kuzingatia muktadha wa mwongozo uliotangulia". Tukaendelea na maisha. Ndipo nesi wako akamletea mdogo wangu mfuko: sabuni, barakoa, kipimajoto na kadi nane za picha zilizotengenezwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu kama wake. Akarudi kila Jumanne kwa wiki tatu, wakawa wanaziigiza moja moja. Mdogo wangu hujifunza taratibu. Jambo ninaloshika mimi kwa siku moja, yeye humchukua mwezi. Tofauti ni kwamba mimi kesho yake nimeshalisahau.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kadi ya kwanza ina mikono yenye povu. Mtu akinawa, Mkaguzi humsimamia akihesabu hadi ishirini, na hesabu ikimpotea, mnaanza upya. Humpotea sana. Mjomba wetu, mwalimu mstaafu wa hesabu, alinawa mara nne ndipo akaruhusiwa kuketi, na chai ilikuwa imeshapoa.

2. Kadi ya pili ni ya barakoa. Mimi yangu nilikuwa naivaa kidevuni, kama wanaume wenzangu. Hakunigombeza. Alinyanyua kadi mbele ya uso wangu akasubiri. Sijaona binadamu anayejua kusubiri kama yule.

3. Kadi ya tatu ina watu wawili waliosimama mbalimbali. Ndugu Mkuu, umewahi kumpima mtu gauni ukiwa umesimama hatua mbili kutoka kwake? Mkaguzi alichora mistari ya chaki sakafuni, akaamuru wateja wajipime wenyewe na kunitajia namba kwa sauti. Mke wa mwenye duka la vyuma alijipima kiuno huku wenzake wanne wametega masikio, akanitajia kiuno cha miaka ishirini iliyopita. Nikashona hivyo hivyo. Sasa mtaa mzima unaambiwa kwamba sijui kazi.

4. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Jumapili nilikohoa mara moja. Haya, mara kumi na moja. Nikasema ni vumbi la vitambaa. Mama akasema ni vumbi. Mjomba, kwa simu, akasema ni vumbi. Mkaguzi akaleta kipimajoto, kikasoma thelathini na nane na nusu. Nikasema kibovu hicho. Akatoa kadi ya sita, yenye mtu aliyelala peke yake na dirisha wazi, akasema, "Kaka, chumbani." Nikamweleza kwamba nina sare za shule arobaini za kumaliza. "Kaka, chumbani." Nikamfokea, jambo nisilojivunia. Akalia, akajifuta machozi kwa mkono wa blauzi, akasema tena, "Kaka, chumbani." Kisha akachukua simu yangu mwenyewe akampigia nesi, kwa sababu kadi ya saba ina picha ya simu. Kesho yake nesi akaja kutupima sote. Kikulacho ki nguoni mwako.

Leo ni siku ya nne. Chakula napewa dirishani. Nikichungulia nje, anainua kadi ya sita.

Kwa hiyo naomba, kwanza, kadi zote nane zichukuliwe. Pili, mdogo wangu apewe tangazo lile lile tulilopewa sisi, ili naye asielewe kitu, tuishi kwa amani kama nyumba nyingine. Tatu, ikiwa ni lazima mtengeneze maelezo yanayoeleweka, basi yasipewe watu wenye tabia ya kuyafuata.

Nisalimie manesi wote, mfamasia, na yule mlinzi wa getini anayetunyunyizia dawa hadi machoni.

Ni mimi mtiifu wako, kwa kulazimishwa,
Fundi Cherehani,
Chumba cha nyuma.

Tanbihi: Nilikuwa nimeshaikunja barua hii nesi alipokuja dirishani na majibu. Ugonjwa ninao. Mama hana, na mdogo wangu hana. Mama ana pumu, na kila jioni mimi hukaa begani pake kumsomea gazeti. Nesi amesema kama ningemwambukiza, kwa kifua kile asingemaliza wiki. Nimekaa kitandani nikahesabu jioni hizo, hesabu ikanipotea, nikaanza upya.

Amesema pia kwamba kadi zimebaki seti tatu, familia zinazosubiri ni arobaini, na kwamba mnafikiria kuacha kuzichapa kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwaandikia neno kuzihusu. Tafadhali zichapeni. Nimeishiwa karatasi, kwa hiyo natuma hii hii. Mkaguzi ndiye atakayemkabidhi nesi mlangoni. Ameniuliza nimeandika nini muda wote huu, nikamwambia naandika shukrani, akafurahi mpaka akaenda kumwita mama. Naomba, ukimjibu, usiniumbue.