Maombi ya Kuandikishwa Kuwa Gari

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Kupitia kwa Meneja wa Ujenzi (naomba isipitie kwake).

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: KIYOYOZI CHA GARI LA MENEJA KINACHOPULIZA JOTO, PAMOJA NA MIMI

Natumaini barua hii inakukuta mahali penye ubaridi. Mimi ni kibarua wako wa kuchanganya zege, huu mwaka wa nne. Shule niliishia darasa la sita, kwa hiyo utanisamehe nikisema jambo bila kulizungusha.

Binti yangu wa kwanza anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo. Kwetu ni mwendo wa siku mbili kwa basi. Niliomba likizo ya siku saba. Meneja alinijibu akiwa ndani ya gari lake, jasho likimtiririka hadi kwenye tai: "Likizo gani, na mimi naiva humu? Hili gari likipoa, utaenda." Akaandika hivyo hivyo kwenye fomu yangu, akapiga mhuri: Imekubaliwa, gari likipoa. Tangu siku hiyo afya ya gari hilo naifuatilia kuliko yangu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nimetolewa kwenye zege nikafanywa kipimo. Kwa kuwa kwetu ni milimani, Meneja aliona mkono wangu ndio unaoijua baridi. Naketi kiti cha mbele, viganja kwenye matundu ya hewa, fundi wa magari anauliza, "Mzee wa Baridi, vipi huko?" Namjibu, "Kama pumzi ya ng'ombe, fundi." Ananuna, kana kwamba ng'ombe nimemleta mimi.

2. Fundi huyu anajua ugonjwa mmoja tu: gesi imeisha. Ameshajaza mara tatu. Nilimwomba apake povu la sabuni kwenye viungo vya mabomba tuone kama inavuja. Akapaka, povu likatulia tuli. Halafu mshale wa geji yake ukapanda juu kabisa. Nikauliza, kama gesi imeisha, mbona geji inasema imejaa? Akasema gesi hii ina hasira. Akaongeza nyingine ya kuituliza.

3. Meneja akaita watu wa ofisini waje kutoa ushahidi kama gari limepoa. Mhasibu aliketi garini dakika moja, akapiga chafya. Katibu muhtasi alijifunika mtandio na kugonganisha meno mpaka tukayasikia nje. Karani wa stoo aliomba dirisha lifunguliwe, asije akapata kichomi. Meneja akafurahi sana, akaingia mwenyewe, akatoka shati limelowa. Sasa mbaya ni mimi. Karani ameniambia, "Kaka, ungesema baridi, saa hizi ungekuwa unapima suti ya harusi." Ni kweli. Lakini mkono wangu haujasomea kazi za ofisi.

4. Banda la bati tulilokuwa tunalia chakula limepewa gari, eti jua linalizidishia joto. Sisi watu kumi na wawili tunakula tumesimama tukiwa tumejibana ukutani, na saa sita mchana kivuli cha ukuta huo ni upana wa ubao mmoja. Wiki iliyopita mwenzetu wa kubeba tofali alianguka kwa joto. Meneja alisema anywe maji, na asifanye mazoea. Kesho yake injini ya gari ikachemka, kazi nzima ikasimama, na watu sita tukaitwa kulipepea kwa maboksi. Mimi nilipepea kwa moyo wote, maana nilikuwa napepea harusi.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, nimefikiri kwa utaratibu. Naomba niandikishwe kuwa gari la kampuni.

Sifa ninazo. Napakiwa mizigo, naendeshwa kutwa, na asubuhi nakohoa kabla ya kuwaka. Nikikubaliwa, niegeshwe kivulini saa sita. Nikipata joto, mtu anifungue kifua aulize tatizo ni nini, hata kama atasema ni gesi. Na kwa kuwa magari ya kampuni huenda harusini kila Jumamosi bila kujaza fomu yoyote, na mimi nipelekwe ya binti yangu.

Ikishindikana, basi tubadilishane. Gari lishike koleo, mimi nikae bandani nipulize joto. Kwa kazi hiyo sitahitaji mafunzo.

Nisalimie mama watoto, dereva wako, mlinzi wa getini ambaye hajawahi kuniruhusu nipite, na kiyoyozi cha ofisi yako, ambacho nasikia ni kizima.

Ni mimi mtiifu wako, nikiwa bado mtu,

Kibarua wa zege, waniitao Mzee wa Baridi

Baada ya sahihi: Nilipokuwa natafuta bahasha, fundi amefungua wavu wa mbele wa gari. Nyuma yake ipo rejeta ndogo ya kutupia nje joto la kiyoyozi. Imekutwa imefunikwa mfuko wa saruji, umekunjwa vizuri na kukazwa kwa waya wa kufungia nondo. Fundi amecheka mpaka akakaa chini. "Hewa ingepita wapi?" Mfuko ni wangu. Mwezi uliopita Meneja alilalamika kuwa vumbi la saruji linaliharibu gari lake, nami nikalizuia kwa hiari yangu, bila kutumwa na mtu. Mfuko umetolewa, gesi iliyozidi imepunguzwa, na sasa hivi vidole vyangu vimekufa ganzi.

Kwa hiyo namba 1 hadi 3 uzifute. Namba 4 ifute pia, ila yule wa tofali usimfute, bado kichwa kinamuuma. Ombi la kuwa gari naliondoa. Meneja anazunguka na ule waya akiuliza ni fundo la nani, na wenzangu wote wanatazama viatu vyao. Lakini fomu ninayo, na mhuri wake. Imeandikwa gari likipoa. Haikuuliza nani alilichemsha. Basi linaondoka kesho alfajiri, na fomu nimeishona ndani ya koti la harusi.